Waite Wanaoweza Kuitika

Kanja, Ijumaa jioni

Kwa Wawira, mwanangu,

Umeenda kumuaga shangazi yako kule ng'ambo ya mto, na cucu, bibi yako, amesinzia kwenye kiti chake huku redio ikiendelea kuzungumza peke yake. Nimepata nafasi. Nakuandikia kwa Kiswahili kwa sababu ndiyo lugha niliyofundishwa kuandikia barua. Kiembu nakisema tangu nizaliwe, lakini nikijaribu kukiandika naona kama nimevaa viatu vya mtu mwingine. Utanivumilia.

Sitakuambia ubebe sweta. Sitakuambia ule vizuri wala uchague marafiki. Hayo cucu amekuambia tangu Jumatatu, na kesho atakuambia tena dirishani ukiwa umeshaingia garini. Mimi kuna swali moja tu sikukujibu.

Jumatano tulikuwa tukichuma majani chai kwenye kile kipande cha chini, ukaniuliza bila kuniangalia, "Mama, na nikiita tena halafu watu wanyamaze?" Nikakuambia, "Chuma, mvua inakuja." Mvua haikuja. Ulimaliza mstari wako, ukabeba kikapu, ukapanda. Nilibaki nimesimama na majani mkononi. Jibu nilikuwa nalo, ila lilikuwa refu, na maneno marefu hunikwama mdomoni. Labda kwa kalamu yatapita.

Nianze na baba yako, kwa sababu swali lako lilianzia kwake.

Watu wakimtaja Njeru wanataja vidole. Wanasema gitaa lake moja lilisikika kama magitaa matatu. Wapo wanaoapa kwamba aliweza kulipiga akiwa amelala chali, na ni kweli, alifanya hivyo mara moja. Jukwaa lilikuwa limenyeshewa, akateleza. Akaendelea kupiga akiwa pale chini ili ionekane ametaka mwenyewe. Watu walishangilia hivi kwamba akaogopa kuinuka. Alinisimulia akicheka, nami nikimpaka dawa mgongoni.

Lakini si vidole vilivyowafanya watu watembee kutoka mbali kuja kumtazama. Ni kule kuita. Wewe umekulia hapa, kwenye hivi vilima, nyumba upande huu na nyumba upande ule, mto katikati. Unajua tunavyoitana. Jina ni moja, lakini mama mtu hulivuta hivi, rafiki hulikata vile, na hata kabla neno halijafika vizuri mwenye jina ameshajua ni yeye na ni nani anamtaka. Baba yako alichukua sauti hizo akaziweka kwenye nyuzi. Alikuwa akifika katikati ya wimbo, watu wamewekeana mikono mabegani wanazunguka kama treni, kisha ghafla gitaa linaita. Na mtu mmoja katika umati ule anajibu, "Ii!" kabla hajajizuia. Wenzake wanaangua kicheko, wanapiga kelele, wanataka na wao waitwe.

Kwa miaka mingi niliamini alikuwa anapanga na watu. Nilidhani anawaambia pembeni, nikifika hapa wewe simama. Sikuwa naenda kumsikiliza. Alipiga mahali ambapo wanawake wa kanisani hatukwenda, na mimi nilijali sana watasema nini. Nilimsikiliza nyumbani tu, akijaribujaribu, na nyumbani mtu hapigi vile anavyopiga mbele ya watu.

Nilimwona akipiga hasa mara moja, kwenye harusi ya binti ya jirani yetu Baba Muriuki. Wewe ulikuwa mdogo, ulilala kwa cucu. Mimi nilikuwa jikoni na akina mama wenzangu tangu asubuhi. Baba yako alifika mapema kuliko hata wapanga viti, akakaa kwenye gogo kando ya jikoni letu, gitaa likiwa bado kwenye mfuko wake. Akakaa tu. Nikaona aibu kwa niaba yake.

"Wenzako wanabeba meza," nikamwambia.

"Niko kazini."

"Kazi gani hiyo ya kukaa?"

"Mama Wawira, nyamaza kidogo nisikie."

Wanawake walicheka. Mmoja akasema, "Mpe viazi amenye, masikio hayashiki kisu." Akachukua viazi, akamenya, huku akisikiliza. Mtu anaita mtoto alete maji. Mwingine anamwita dada yake kutoka getini. Kuna cucu mmoja aliyekuwa amekuja na wajukuu kutoka Kiambere, chini huko kwenye joto, na wao wanaitana kwa namna yao ya Kimbeere, tofauti kidogo na sisi. Baba yako aliacha kumenya kabisa akageuza kichwa.

Baada ya chakula stima ikapotea. Spika zikafa. Vijana wakaanza kulalamika, na bwana harusi akawa anamtafuta fundi. Baba yako alichomoa waya, akachukua lile gitaa lake la mbao, akaingia katikati ya watu kwa miguu. Alipiga polepole mpaka walio nyuma wakanyamaza ili wasikie. Kisha akasimama mbele ya cucu yule wa Kiambere na kumwita. Wawira, sijui niliandikeje hili. Yule mama mzee alikuwa amechoka, ameinamia fimbo yake, hata sidhani alikuwa anafuatilia. Gitaa liliita, na akainua kichwa kama msichana. Akajibu. Likaita tena, akasimama bila fimbo. Akaanza kuzungumza nalo, analiuliza habari, nalo linamjibu, na watu wote tulikuwa tumeshika midomo. Mchungaji alikuwa ameshika glasi ya soda, hanywi, haiweki chini.

Aliita wengine wengi siku ile. Wote aliwasikia asubuhi akiwa kwenye gogo. Nilijua, maana nilikuwepo. Hakukuwa na mpango wowote.

Halafu akageukia jikoni, akaniita mimi.

Hakuniita kama walivyoniita wale akina mama. Aliniita vile alivyokuwa akiniita getini alfajiri akirudi kutoka kazini, chinichini, ili nimfungulie bila kumwamsha mama yake. Hakuna mtu mwingine duniani aliyeijua sauti ile. Na mimi nikainama, nikaanza kupanga sahani. Nilikuwa na aproni iliyojaa mafuta, na wanawake wa kanisani walikuwa wananiangalia. Aliita mara ya pili. Nikapanga sahani. Akatabasamu, akapita, akamwita mtu mwingine.

Tulirudi nyumbani kwa miguu. Hakunilaumu. Tulipofika pale kwenye mti wa mkuyu wa kwa Ndwiga akasema, "Leo kuna mtu mmoja hakuwa nyumbani." Akacheka, nami nikacheka. Lakini sikumwambia kwamba nilikuwepo. Alinialika tena mara nyingi. Kila mara kulikuwa na ng'ombe wa kukama.

Sikuambii haya ili unihurumie. Nakuambia kwa sababu nataka ujue kwamba wakati mwingine mtu anaitwa vizuri, anasikia vizuri, na bado haitiki. Na kosa si la anayeita.

Kuna lingine. Unakumbuka mimi na baba yako tulivyogombana juu ya kuosha vyombo? Siku ya kazi baba yako hakuwa akigusa maji. Alisema maji yanalainisha sugu za vidole na nyuzi zitamkata. Nikawa namwambia hiyo ni hekima ya wavivu. Kisha figo zikaanza kumsumbua. Hata sijui ni mwezi gani aliacha kupiga, kwa sababu aliacha kidogokidogo, vidole vikivimba, akisema atapiga kesho. Ulikaa naye kitandani akikuimbia kwa mdomo nawe ukitafuta kwenye nyuzi. Nilikuwa nawasikia kutoka jikoni.

"Huyo si Mama Kariuki," anakuambia. "Huyo ni jirani yake."

"Baba, nimefanya vile vile ulivyosema."

"Mama Kariuki ana haraka. Rudia, mama, umharakishe."

Alikuita mama mpaka mwisho, kwa kuwa umebeba jina la mama yake. Wageni walishangaa kumsikia mtu mzima akimwita mtoto mama na mtoto naye akiitika.

Siku moja hospitalini nilimshika mkono wa kushoto, nikapapasa ncha za vidole. Zilikuwa laini. Laini kama zako ulipozaliwa. Daktari alikuwa bado anatuambia mambo ya kutia moyo, na nilimshukuru, lakini mimi nilikuwa nimeshajua.

Sasa nije kwenye ile siku ya Embu, baada ya kumzika.

Sikuwepo. Wenzake waliandaa siku ya kumkumbuka, wakakuomba upige, nami nikasema nina ng'ombe. Ulirudi jioni, ukasukuma gitaa chini ya kitanda, ukasema umechoka. Sikuuliza. Niliyasikia kwa Mugendi, binamu yako, aliyekuwa amekubebea spika. Alikuja kesho yake akakaa hapa hapa nilipokaa mimi.

Alisema gari lilichelewa, mkafika ukumbi umejaa, mkapandishwa jukwaani moja kwa moja. Ulipiga vizuri. Kisha watu wakaanza, "Mwite baba! Mwite Njeru!" Ukamwita.

"Alikosea?" nikamuuliza.

"Tata, shangazi yangu, hakukosea hata kidogo. Alimwita sawasawa. Hiyo ndiyo shida." Akazungusha kikombe. "Wote tuligeuka kuangalia mlango."

Ndipo ukumbi ukanyamaza, nawe ukaweka gitaa chini ukatoka.

Mwanangu, ukimya ule umeubeba tangu siku ile kana kwamba wewe ndiwe uliyeshindwa. Mimi nimeufikiria sana nikiwa shambani, na naomba unisikilize. Unamkumbuka yule bwana wa Kiambere aliyekuja hapa nyumbani, ndugu yake alikuwa amezama bwawani? Ulikuwa darasa la sita au la saba. Alitaka baba yako aende kwao akamwite ndugu yake kwa gitaa, mama yao asikie. Baba yako alishika kikombe mpaka chai ikapoa. Akamwambia, "Ndugu yangu, nitakuja. Nitapiga kila wimbo alioupenda, mpaka mseme basi. Lakini kumwita siwezi. Mimi huwaita wanaoweza kuitika." Yule bwana aliondoka na hasira. Nami nilimwona baba yako ana roho ngumu. Nilimwambia hivyo. Alienda, akapiga, akawaita waliobaki mmoja mmoja, na mama wa marehemu akawa wa mwisho. Sijui aliitika vipi. Baba yako hakutaka kusema.

Watu wa Embu hawakuwa wabaya. Walimpenda. Lakini walikuomba kitu ambacho mwenyewe asingekubali, na wewe hukuwa na jina lingine la kuwapa. Ulikuwa umefika umechelewa. Hukuwa umemsikia mtu yeyote mle ndani akimwita mwenzake. Ulikuwa na jina moja tu kwenye vidole.

Na mimi pia nilimwita. Hili hulijui. Wiki chache baada ya mazishi, wewe ukiwa umeenda sokoni, ndama alikata kamba akaingia kwenye mboga. Nikaita, "Baba Wawira!" kwa sauti yote, kama nilivyomwita siku zote. Nilipojisikia nilijiziba mdomo. Kulikuwa kimya. Kisha kutoka upande wa pili wa ua Baba Muriuki akajibu, "Mama Wawira, nakuja!" Akaruka ua na ule umri wake, akamkamata ndama, akamfunga, akaniambia kamba hii ni mbovu nitakuletea nyingine. Akaenda kuileta papo hapo. Wewe ulirudi ukakuta kamba mpya, ukauliza imetoka wapi, nikasema nilikuwa nayo.

Basi hilo ndilo jibu langu. Wanaweza kunyamaza. Siwezi kukuahidi kwamba hawatanyamaza. Wakinyamaza, usikimbilie kuweka gitaa chini. Ngoja kidogo. Anaweza kuitika mtu ambaye hukumwita.

Wala sikuzuii. Najua umekuwa ukisubiri niseme. Mutuma alipokuja na wenzake kutoka Meru kukuomba uingie kwenye bendi yao, niliingia jikoni nikamwachia cucu maneno, na cucu akawafanyia kama wachumba.

"Mmekuja kuoa?"

"Hapana cucu. Tumekuja kuomba mpiga gitaa."

"Gitaa liko chini ya kitanda. Chukueni mwende."

"Bila mwenyewe hiyo ni mbao tu, cucu."

"Na huku kwetu binti haombwi kwa mkate mmoja."

Nilicheka huko jikoni, mara ya kwanza tangu sijui lini. Kisha nikasikia Mutuma akisema, sauti imeshuka, "Nilikuwa Embu siku ile. Wengine waliona akitoka. Mimi niliona vidole kabla hajatoka." Nikajua huyo ni mtu wa kazi. Nilipotoka na chai nilimwangalia kwa makini, na unakumbuka sikusema ndiyo wala hapana. Nilikuwa naogopa. Nilifikiri kwamba umeacha gitaa na labda ni heri, utabaki hapa, tutachuma chai pamoja, nisipoteze mwingine.

Lakini juzi uliponipokea sufuria, vidole vyetu viligusana. Vyako ni vigumu, Wawira. Vigumu kama mbegu. Kumbe nikipeleka maziwa barabarani wewe hulitoa gitaa kule chini ya kitanda, na nikisikika getini unalirudisha. Cucu naye anajua na hajasema. Umekuwa ukipiga kwa kujificha ndani ya nyumba ya Njeru, na aliyekufanya ujifiche ni mimi na kunyamaza kwangu. Nilienda nyuma ya zizi nikalia, kisha nikaona nafuu kuliko siku zote tangu tumzike.

Nenda, mwanangu. Nenda na roho nyeupe.

Mutuma ameniambia mtaanza kupiga mjini Maua. Huko hujui watu. Kimeru unakisikia nusu tu, na wale Waislamu wa sokoni wenye maduka na malori wana namna yao ya kuitana. Usione haya kufika mapema. Tafuta mahali wanapopika, ukae, na wakikuambia menya viazi, menya. Wenzako kwenye bendi watakucheka. Waache wacheke. Sikiliza mama muuza chai anavyomwita binti yake, na kijana wa mizigo anavyoitwa na wenzake. Ndio watakaokuja jioni. Ndio uwaite.

Watu watakuambia upige kama Njeru. Watasema kwa mapenzi, na utajisikia kuwakubalia. Piga nyimbo zake, ni zako. Lakini usimwite. Hata wakiomba kwa machozi. Mwache alale. Amefanya kazi za usiku maisha yake yote.

Na mimi pia usiniite. Nimelifikiria hili, nami natamani uniite kuliko ninavyoweza kuandika. Nitakuja kukusikiliza, hilo nakuahidi, Baba Muriuki amekubali kunikamia ng'ombe. Lakini sitakuambia nakuja siku gani. Nitalipa kiingilio kama watu wengine, nikae nyuma, nikuangalie ukiwaita watoto wa watu nao wakiitika. Ukianza kunitafuta kwa macho utaacha kuwasikia walio mbele yako, na hao ndio wametoka nyumbani kwao kwa ajili yako.

Nasikia mbwa anabweka chini kwenye njia, nadhani ni wewe unarudi. Nitaikunja barua hii niiweke kwenye mfuko wa gitaa, upande wa nyuzi za akiba, uikute ukishafika.

Basi ukiwa mbele ya watu, uwe wao kabisa. Ila wakishaondoka, na viti vimepangwa, na wewe umeketi mahali unakunja waya zako, hapo nikumbuke kidogo. Huhitaji kupiga simu kama umechoka. Nikumbuke tu, kisha ulale.

Mama yako